Uchungu na Ute

Shangazi yangu hulowesha uwatu kila usiku, kijiko kimoja katika glasi ya maji. Asubuhi mbegu zimeumuka, maji ni ya manjano na yanateleza kama mlenda. Huyachuja, akayanywa kwa mkupuo huku amekunja uso. "Kichungu ndicho kikatacho sukari, mwanangu." Wauza dawa sokoni nao husema hivyo wakisifia mwarobaini na karela.

India wangemwelewa. Ayurveda, tiba yao ya jadi, iliuita ugonjwa wa kisukari madhumeha, mkojo wa asali, na matabibu wake wa kale waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa mgonjwa. Jani lao mashuhuri ni gurmar, yaani kiua sukari. Litafune, kisha tia sukari mdomoni: utadhani unatafuna mchanga. Asidi zake huziba kwa muda sehemu za ulimi zinazotambua utamu. Nashuku jina lilizaliwa hapo ulimini, kabla mtu hajafikiria damu.

Wachina waliingilia mlango mwingine: xiaoke, kiu inayokondesha. Huanglian, shina la ardhini la manjano, chungu kupindukia, walilitumia kutuliza "joto" la mwili na kuzuia kuhara. Kiini chake, berberini, kilionyeshwa mwaka 2004 kuwa hushusha lehemu kwa kuongeza vipokezi vya ini vinavyoinasa kutoka kwenye damu. Hapo shangazi angeushangilia uchungu. Lakini Wachina hao hao wana mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu, unaotia rangi nyama na pombe ya mchele. Ni kitu cha jikoni, na ndani yake mna monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini, dawa ya lehemu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Ulaya haikuuliza ladha. Galega, magugu yenye maua ya zambarau, huua kondoo wanaoyala kwa wingi. Kiini chake, galegini, kilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari miaka ya 1920, kikaachwa kwa sababu ya sumu. Ndugu yake wa maabara, metformini, alikwisha kutengenezwa Dublin mwaka 1922, lakini kisukari hakikumjua mpaka Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo yake mwaka 1957. Kidonge hicho hulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Mmea wenyewe umebaki magugu. Kilichokua ni dawa ya maabara.

Na uwatu? Una uchungu, ni kweli, lakini kazi kubwa iko kwenye ute. Ute huo ni nyuzi za galaktomanani: hutanda utumboni, sukari ya chakula ikaingia damuni polepole. Hunasa pia asidi za nyongo zikatoka na choo, ini likalazimika kuchota lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Wayemeni, bila kutaja kisukari, huusaga uwatu, wakaulowesha na kuupiga mpaka utoe povu, wakaumimina juu ya mchuzi wa salta. Wanaokula hivyo hula mbegu pamoja na ute wake.

Shangazi humeza metformini yake kwa yale maji machungu, akashukuru uwatu. Mbegu zilizoumuka, zimevimba kwa ute, hubaki kwenye chujio. Huzikung'uta uani, kuku wakazigombania.