Shubiri: Neno, Bidhaa na Kinywaji

Katika pwani yetu husemwa kwamba ngozi haitakati kwa kupakwa tu. Sharti damu isafishwe kwanza, na damu husafishwa kwa kitu kichungu. Mtu aliyetokwa na upele au chunusi huambiwa anywe mwarobaini, au anywe shubiri. Siku hizi maji ya mmea huu wa pili huuzwa madukani, yametiwa chupani, kwa ahadi ya ngozi laini na nywele zisizokatika. Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya kinywaji hicho kwa kulifuata jina lake, kwani jina linatuonyesha kwamba kinachonywewa leo sicho kilichonywewa zamani, ingawa mmea ni wa jamii ile ile.

Tuanze na neno lenyewe. Shubiri (wengine husema subiri au subili) limetokana na Kiarabu, katika mzizi wa s-b-r ambao pia umetupatia subira. Lisichanganywe na shubiri ya kipimo, yaani urefu wa kiganja kilichotanuliwa toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho; hilo ni neno jingine la Kiarabu, lenye mzizi wa sh-b-r. Huenda ni kipimo hicho kilichoivuta s ya dawa ikawa sh, lakini hilo nawaachia wanafonolojia.

Ajabu ni kwamba mishubiri huota yenyewe katika nchi kavu iliyo nyuma ya pwani. Wakamba wauita mmea huo kiluma, Wajaluo ogaka, Wamaasai osuguroi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji Kiarabu ili kuutaja. Kwa nini basi Waswahili wakope? Jibu langu ni kwamba hawakukopa jina la mmea bali jina la bidhaa. Shubiri ni utomvu uliokaushwa, wenye rangi ya hudhurungi, uliouzwa kwa mizani. Mshubiri ni mti uliopewa jina baadaye kwa sababu ya utomvu huo. Najua kwamba umbo la maneno peke yake halithibitishi kitu, maana embe na mwembe yameundwa vivyo hivyo. Lakini historia ya biashara inakubaliana na rai hii.

Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza B.K., kinaitaja shubiri miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Kane, bandari ya Hadhramaut. Mwandishi huyo huyo anaendelea kusini hadi Rhapta, katika pwani yetu, na kueleza mikuki, mashoka, visu na vioo vilivyoletwa huko, shubiri haimo. Katika karne ya 10, al-Masudi, ambaye mwaka 916 alisafiri kwa jahazi kutoka Qanbalu hadi Oman, anasimulia kwamba Aristotle alimshauri Alexander apeleke Wayunani wakae Socotra kwa ajili ya shubiri yake. Hadithi hiyo si lazima tuisadiki, lakini yatuonyesha thamani ya dawa hiyo machoni pa watu waliosafiri katika bahari hii. Hata katika karne ya 19 masoko ya dawa ya Ulaya yalikuwa na aina iliyoitwa shubiri ya Zanzibar, ikifika imefungwa ndani ya ngozi za wanyama. Jina hilo lilitokana na bandari iliyopitia.

Je, ilinywewa kwa sababu gani? Dioscorides, tabibu Myunani wa karne ya kwanza, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, anatenganisha mambo mawili. Shubiri hunywewa kwa maji ili kulegeza tumbo. Kwa nywele zinazodondoka, huchanganywa na divai ikapakwa. Basi kikombe kilikuwa cha tumbo, na nywele zilipata haki yake kwa kupakwa. Ngozi iliingia kikombeni kwa njia ya nadharia: matabibu wa Kiyunani, na wa Kiarabu baada yao, walifundisha kwamba mwili hutawaliwa na damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kasoro ya ngozi ni dalili ya uchafu ulio ndani. Aliyeharishwa alihesabiwa kuwa amesafishwa. Naona usemi wetu wa kusafisha damu ni masalio ya elimu hiyo.

Sasa tulitazame jani. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, ambao kiini chake, aloini, kilitengwa Edinburgh mwaka 1851. Ndani zaidi mna ute mweupe usio na uchungu mwingi. Ute huu ulipata sifa Marekani mwaka 1935, madaktari wawili, Collins na Collins, walipoandika juu ya kutibu ngozi iliyounguzwa na eksirei kwa kupaka jani la mmea huu. Ulipakwa, haukunywewa. Biashara ya urembo ndiyo iliyoutia chupani.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Anayesaga jani zima nyumbani ili apate nywele nzuri hunywa ute na utomvu pamoja, na utomvu huharisha vikali. Mjamzito huonywa asiuguse. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye shubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha kauli kwamba dondoo la jani zima huenda likasababisha saratani. Kuhusu nywele, ushahidi wa kutosha wa faida ya kuunywa mmea huu haujapatikana.

Kamusi zetu, zinapofasili shubiri, hazina budi kusema kwamba ni utomvu. Ute haumo katika neno hilo, na wanunuzi wa leo wanalijua hilo bila kufundishwa: dukani Nairobi au Mombasa hawaombi shubiri, wanaomba alovera. Mara ya pili mmea unaoota nyuma ya nyumba umepata jina kutoka kwa mwenye duka.