Ngozi ya Chui Begani: Safari ya Gwaride la Kiingereza Hadi Tarime na Serengeti

Mpiga ngoma kubwa katika bendi ya kijeshi ya Uingereza huvaa ngozi ya chui kutoka begani hadi kifuani. Mtu wa Mugumu au Robanda, wilayani Serengeti, aliyekulia jirani na chui wenyewe, akiitazama bendi hiyo ikipita London ana haki ya kuuliza: ngozi hii imefikaje huku? Jibu lake ni sehemu ya historia ndefu inayotuhusu zaidi kuliko tunavyodhani, maana gwaride tunalolifurahia kila sikukuu ya taifa halikubuniwa na mikono ya Wazungu peke yao.

Katika karne ya 18 majeshi ya Ulaya yalivutiwa na bendi za askari wa Kituruki wa dola ya Uthmaniya. Kutoka huko yakachukua ngoma kubwa, matoazi na ile mishindo inayosikika mbali. Mtindo huo ulikwenda pamoja na kuajiri wapiga ngoma weusi, waliovishwa vilemba na nguo za fahari. Mwaka 1759 kikosi cha 29 cha askari wa miguu cha Uingereza kilipelekewa vijana 10 weusi kutoka kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, wawe wapiga ngoma wake. Desturi ya kuwa na wapiga ngoma weusi ilidumu katika kikosi hicho hadi mwaka 1843. Watu wale wakatoweka kwenye safu, lakini ngozi za wanyama walizovishwa zikabaki juu ya sare, zikiikinga pia isichakazwe na ngoma. Kwa hiyo miaka mingi kabla Mwingereza hajakanyaga udongo wa mkoa wetu wa Mara, watu wenye asili ya Afrika walikuwa wakiwapigia askari wake mdundo wa kutembelea.

Hata Waingereza wenyewe haikuwa rahisi kwao kupiga muziki kwa pamoja. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, bendi zao zilikusanyika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Ulipofika wimbo wa taifa kila bendi ikaupiga kwa mpangilio wake na kwa ufunguo wake, ikawa fedheha mbele ya majeshi ya washirika. Miaka 3 baadaye, 1857, kikafunguliwa chuo cha muziki wa kijeshi Kneller Hall, nje kidogo ya London, ili wapigaji na wakuu wa bendi wafundishwe kwa utaratibu mmoja. Mwendo wa haraka wa takriban hatua 120 kwa dakika, mwendo wa pole wa karibu nusu yake na bendi kutangulia mbele ya askari ni mambo yaliyosafiri na dola ya Kiingereza mpaka Afrika Mashariki.

Lakini huku nako yalikuta watu waliokwisha kuijua nidhamu ya pamoja. Wakurya wa Tarime walikuwa na esaro, rika la waliotahiriwa pamoja, ambalo mtu hubaki nalo maisha yake yote. Kwa majirani zao wa upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, vijana walipangwa katika saiga, marika yaliyobeba kazi ya ulinzi. Katika ngoma zao watu walijipanga kwa safu, njuga zikifungwa miguuni ili kishindo cha wengi kiwe kimoja, na litungu, ala yao ya nyuzi, likishika mwendo. Kijana aliyelelewa hivyo hakuhitaji kufundishwa upya maana ya kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja na wenzake. Alichofundishwa na mkoloni ni amri mpya na viatu vipya.

Wa kwanza kuleta kwata ya Kizungu hapa walikuwa Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga boma la Ikoma, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Serengeti, na wakaweka askari humo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mpaka wa kaskazini mwa Tarime ukawa mstari wa mapambano. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka na kupigana na askari wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, maarufu kama KAR, mjini Kisii, katika Kenya ya leo. Mwaka 1917 ofisa wa Kijerumani Heinrich Naumann alipita huku na kikosi chake akikimbizwa na Waingereza na Wabelgiji, na Ikoma ikashuhudia mapigano. Askari weusi walikuwa pande zote mbili. Nyuma yao walikuwapo maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo bila sare wala bendi, na wengi mno kati yao walikufa kwa njaa na maradhi. Anayelipenda gwaride hana budi kuwakumbuka na hao, kwa sababu kwata hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuwatiisha watu wetu.

Vita ilipokwisha, wananchi wa kawaida walikuwa wameuchukua muziki wa jeshi na kuufanya wao. Ngoma ya beni ilikuwa imeanza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Askari na wapagazi wakaieneza Tanganyika nzima hadi miji ya bara. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, kwa safu na kwa mipigo. Viongozi wake walijipa vyeo vya kingi, jenerali na kanali, na wanachama walisaidiana katika misiba na ugeni wa mjini. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliitazama kwa wasiwasi, maana waliona watu wanaotawaliwa wakijipanga wenyewe kwa mfumo uleule wa watawala. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kutokana na tarumbeta na ngoma za beni ndipo zilipochipuka bendi za mwanzo za dansi za Dar es Salaam, na hadi leo harusi za Zanzibar hupambwa kwa beni.

Huku Mara muziki wa jeshi ulipitia hasa kwa askari wenyewe. Waingereza waliamini kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa vita, na Wakurya wakawekwa humo pamoja na Wahehe. Imani hiyo ilikuwa ya kikoloni na haikuwa na msingi, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: familia nyingi za Tarime zikatoa vijana kwenda KAR na polisi, mtoto akimfuata baba. Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakatua Madagaska mwaka 1942, na vikosi vya 26 na 36 vya KAR kutoka Tanganyika vikafika hadi misitu ya Burma. Waliorudi nyumbani walirudi na namna ya kusimama, ya kupiga saluti na ya kukunja blanketi, na vijana wa kijijini wakaiga.

Hakuna maisha yanayoionyesha historia hii vizuri kuliko ya Jenerali David Musuguri. Alizaliwa Butiama mwaka 1920 na kujiunga na KAR mwaka 1942. Alipelekwa Madagaska, kisha akawa sajini na mkufunzi katika kambi ya Kahawa nchini Kenya. Hapo ndipo alipomfahamu askari wa Uganda aitwaye Idi Amin. Mwaka 1979 Musuguri ndiye aliyeongoza divisheni ya Tanzania iliyoingia Uganda kumng'oa Amin huyohuyo. Katika vita hivyo vya Kagera Brigedia Mwita Marwa naye aliongoza brigedi ya 208. Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akampokeza Jenerali Ernest Mwita Kiaro, aliyeshika hadi 1994. Baadaye, kati ya 2001 na 2007, akaja Jenerali George Waitara. Wakuu hao watatu wote ni watu wa Mara. Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, akazikwa Butiama kwa heshima za kijeshi.

Uhuru ulipofika, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, gwaride ndilo lililobeba tukio zima. Bendera ya Uingereza ilishushwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na ya Tanganyika ikapandishwa, huku Luteni Alexander Nyirenda akisimika bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro. Kikosi cha 6 cha KAR kikageuka kuwa Tanganyika Rifles. Lakini jina lilibadilika zaidi kuliko mambo, maana maofisa wengi walibaki kuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Brigedia Mrisho Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Lililobaki la Mwingereza ni umbo: safu, mwendo, bendi na heshima kwa bendera. Amri zikawa kwa Kiswahili.

Umbo hilo lina raha yake kwa anayejua kulitazama. Gwaride la London la kuadhimisha siku rasmi ya kuzaliwa ya mfalme, ambalo lina historia ya tangu 1748, kiini chake ni bendera ya kikosi kupitishwa taratibu mbele ya askari. Zamani za vita vya moshi na baruti askari alipaswa kuijua bendera yake ili ajue pa kukimbilia safu zikivunjika. Ukilijua hilo, hata gwaride letu la 26 Aprili au 9 Desemba hulitazami tena kama watu wanaopita tu. Tazama mabega ya gadi inapogeuka: wa ndani hupunguza hatua na wa nje hurefusha, mstari ukabaki umenyooka. Sikiliza bendi inapobadili kutoka mwendo wa pole kwenda wa haraka. Ngoma kubwa ndiyo inayotoa ishara, na mguu wa kushoto hutua pamoja na pigo lake. Kisha inakuja kwata ya kimyakimya, ambayo haina amri wala ngoma. Kila askari anahesabu moyoni, bunduki zinapinduka kwa pamoja, na uwanja mzima unashangilia. Kimya kile kinawezekana kwa sababu mdundo umekwisha kuingia mwilini.

Mkoa wetu uliuona ukubwa wa ibada hiyo tarehe 23 Oktoba 1999, Mwalimu Julius Nyerere alipozikwa Butiama. Taifa zima lililia, na jeshi alilolijenga upya mwaka 1964 ndilo lililomsindikiza. Siku ile hakuna aliyeliona gwaride kuwa kitu cha kigeni. Lilikuwa lugha tuliyoizoea ya kusema asante kwa mtu mkubwa.

Makanisa nayo yalifungua mlango mwingine. Jeshi la Wokovu lilizaliwa London chini ya William Booth, na mwaka 1878 fundi Charles Fry na wanawe watatu walilipatia bendi yake ya kwanza ya tarumbeta huko Salisbury. Liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na leo lina waumini wake Tarime. Waadventista Wasabato, wenye wafuasi wengi Mara, wana chama cha Watafuta Njia. Watoto wa chama hicho hufunga skafu shingoni, hujifunza kwata, na hushindana kupita mbele ya wageni wakiwa wamenyooka. Mtoto wa Serengeti ambaye hajawahi kuona kambi ya jeshi anaijua tofauti ya mguu pande na mguu sawa kwa sababu ya Sabato ya vijana.

Na kila asubuhi ya shule ipo paredi. Kiranja anakagua kucha na kola, wimbo wa taifa unaimbwa, kisha bendi ya shule inaanza: ngoma kubwa moja, ngoma ndogo mbili au tatu, na filimbi pale zilipo. Darasa baada ya darasa wanaingia kwa mwendo, vumbi likipanda hadi magotini. Mpiga ngoma kubwa mara nyingi ni mtoto wa darasa la sita au la saba, na ngozi ya ngoma yake ikilegea hupelekwa juani ikaze. Ngoma hizohizo ndizo zinazopokea Mwenge wa Uhuru unapoingia wilayani. Huyu mtoto ni mrithi halali wa mpiga ngoma wa mwaka 1759 na wa askari wa Burma, ila yeye anapigia nchi yake.

Kwa hiyo gwaride la Tarime na Serengeti halina haja ya kuonewa haya kwamba lilikuja na mkoloni. Lilikuja kwa mkono wake, lakini damu, jasho na mdundo vilikuwa vyetu tangu mwanzo. Kinachotakiwa sasa ni kulitunza. Kizazi cha KAR kimekwisha karibu chote, na waliopigana vita ya Kagera wanazeeka. Kila ukoo wenye babu au mjomba aliyevaa sare umkalishe na umrekodi: alifundishwa kwata wapi, nani alikuwa mkufunzi wake, walitembea kwa nyimbo gani. Halmashauri zinazotenga fungu la mipira na jezi ziweke pia fungu la ngoma na tarumbeta za shule. Walimu nao wamwalike askari mstaafu wa kijiji aje kuwafundisha watoto kugeuka kwa safu bila kuvunja mstari. Ana ujuzi uliovuka vita na bendera kadhaa, na bado kuna watoto wanaotaka kuupokea.