Kitabu na Sikio: Usomaji wa Habari za Safari katika Nchi ya Uha

Mnamo Novemba 1871, H. M. Stanley alipita katika nchi ya Uha akielekea Ujiji. Baada ya kutozwa hongo ya nguo mara kadhaa, aliamua kutoroka usiku kwa njia ya porini. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 anasimulia kwamba mwanamke mmoja wa msafara alipiga mayowe, naye akamchapa kwa kiboko hadi akanyamaza, Waha wasije wakasikia. Habari hiyo imebaki kwa kalamu ya mshika kiboko.

Sura hiyo ikisomwa kimya, msomaji huelekea kumwamini mwandishi, na hongo huonekana kuwa unyang'anyi mtupu. Ikisomwa kwa sauti barazani Muyama, mbele ya wazee wa Kiha, hapana budi mtu ataulizia: mgeni aliyebeba marobota ya nguo alipita katika nchi ya nani, na mtawala wa nchi alikuwa na haki gani kwake? Swali hilo kitabu hakikuliuliza.

Ikumbukwe kwamba hata huko Ujiji habari zilipokewa kwanza kwa sikio. Livingstone alikabidhiwa mfuko wa barua, akatupia macho moja au mbili, kisha akataka asimuliwe mambo ya dunia: mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, na vita vya Prussia na Ufaransa. Mtu huyo alikuwa amekosa karatasi kiasi cha kuandika shajara ya mwaka ule juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa mimea. Maandishi yakafifia, hata wataalamu wakayasoma upya kwa vyombo vya picha mwaka 2011.

Waswahili nao walikuwa na habari zao za safari. Carl Velten alizichapisha baadhi mwaka 1901, ikiwamo safari ya Selemani bin Mwenye Chande hadi Ziwa Tanganyika. Ni masimulizi yenye pumzi ya msemaji, na aghalabu humfaa zaidi msikilizaji kuliko kurasa za Stanley.

Ushairi ndio uliokaa sikioni muda mrefu kupita yote. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840. Mashairi yake yakahifadhiwa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne ile, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Kwa hiyo, tenzi zilizorekodiwa na kusikilizwa leo si kitu kigeni kwa fani hiyo.

Lakini Muyama si Mombasa. Msikilizaji aliyekulia katika Kiha na Kiswahili cha shule akisikia neno “ndoo” katika shairi la Kimvita, atafikiri chombo cha maji, kumbe mshairi anasema “njoo”. Na “mato” atayapita bila kujua kuwa ni macho. Kanda haijibu swali. Inahitaji mtu wa kuisimamisha, akafafanua, kisha akairudisha nyuma kidogo.