Rangi ya kahawia iliyosubiriwa Miembeni

Mama yangu mdogo, mkazi wa Miembeni mjini Bukoba, alisubiri majibu kwa wiki kumi na moja. Kwamba ana saratani ya titi alishaambiwa. Lililobaki lilikuwa swali moja: je, seli za uvimbe wake zimejaa kipokezi kiitwacho HER2? Kinyama chake kilichohifadhiwa ndani ya nta ya parafini kilivushwa ziwa usiku, na maabara kilikofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeishiwa kingamwili ya kupimia.

Hayo yalianza Agosti 2025, mwezi uleule kingamwili za aina hiyo zilipotimiza miaka 50 tangu kuelezwa kwa mara ya kwanza.

Neno kingamwili si geni Bukoba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu huu wa Kagera. Watafiti walipopima wananchi mwaka 1987, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne mjini Bukoba alikutwa na kingamwili dhidi ya virusi vya UKIMWI. Damu ya mji huu iliingia katika majarida ya tiba ya dunia, na nyumba nyingi hapa bado zinakumbuka kipimo kile kwa makaburi yaliyo migombani.

Kingamwili zile zilitengenezwa na miili ya wagonjwa wenyewe. Hii aliyoisubiri mama mdogo inatengenezwa maabara, kwa mbinu iliyoanzia kwa panya. Mwaka 1975, mjini Cambridge, watafiti Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za panya zinazotoa kingamwili na seli za saratani ambazo hazichoki kuzaliana. Wakapata kingamwili ya aina moja tu, isiyokoma. Hawakuikatia hataza mbinu hiyo, na mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel.

HER2 ni kipokezi cha vichocheo vya ukuaji, kinachokaa juu ya seli na kuiamrisha igawanyike. Jeni yake ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walichapisha utafiti wa uvimbe wa wanawake 189: waliokuwa na nakala nyingi za jeni hiyo walirudiwa na saratani mapema na kufa mapema. Kampuni ya Genentech ilikuwa na kingamwili ya panya, 4D5, iliyoshika kipokezi hicho na kupunguza kasi ya seli. Ikarekebishwa ifanane na ya binadamu, ikawa dawa ya trastuzumab.

Yaliyofuata yamesimuliwa na mwandishi wa habari Robert Bazell katika kitabu chake cha mwaka 1998, na sehemu moja imeninyima usingizi.

Marti Nelson alikuwa daktari wa wanawake huko California. Saratani ya titi ilipomrudia, alisoma habari za HER2 na kuomba uvimbe wake upimwe. Bima yake ya afya ikakataa: dawa yenyewe ingali kwenye majaribio, ya nini kupima? Genentech nayo haikuwa tayari kumpa dawa nje ya majaribio. Alipigania kipimo hicho kwa miezi. Majibu yalipotoka, Oktoba 1994, yalionesha kipokezi kimejaa tele. Siku chache baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 41, dawa haijamfikia.

Desemba 5, 1994, wanawake wanaharakati wa saratani ya matiti waliingia na msafara wa magari katika viwanja vya Genentech, kama msafara wa mazishi, wakiwa na picha ya Marti. Walipiga honi, wakagoma kuondoka. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kugawa dawa kwa baadhi ya wagonjwa nje ya majaribio, kwa bahati nasibu. Serikali ya Marekani iliidhinisha dawa Septemba 25, 1998.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha ya kwanza ya bei nafuu inayofanana nayo. Lakini dawa haiandikwi bila kipimo. Fundi hudondosha kingamwili juu ya kinyama kilichokatwa chembamba kuliko karatasi. Ikikuta kipokezi inang'ang'ania, na kemikali inayoongezwa hapo hugeuka kahawia. Daktari husoma kwa darubini kuanzia 0 hadi 3. Kinachohitajika ni kichupa kidogo kwenye jokofu. Mkoa uliotoa damu yake ili dunia ijifunze kusoma kingamwili haustahili kusubiri kichupa hicho wiki kumi na moja. Nalisema hili kwa uchungu, na nitalirudia popote nitakaposikilizwa.

Majibu yalifika Jumamosi: 3. Mama mdogo aliniuliza kama hiyo ni alama nzuri au mbaya. Nikamwambia, mama, ni mbaya kwa sababu uvimbe wa namna hii hukua haraka, na ni nzuri kwa sababu dawa yake ipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza meli ya Mwanza inaondoka saa ngapi.