Kasuku Wadogo wa Singida

Heroe, yaani flamingo, wa maziwa ya Singidani na Kindai ndio wanaosifiwa na wageni wapitao Singida, kwa kuwa huonekana toka mbali. Lakini mtu akitembea kwa miguu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya majabali, katika mitaa ambayo miti yake haijakatwa, huenda akabahatika kuona jambo jingine: kundi la kasuku wadogo kuliko hua, wakipita kwa kasi na kelele kali. Wengine huwaita cherero. Mwili wao ni wa kijani, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na pete nyeupe.

Historia ya ndege huyu nayo ilikwenda kwa miguu. Mwaka wa 1885 daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliondoka pwani na wapagazi kuelekea Ziwa Viktoria, akimtafuta Wilhelm Junker aliyekwama ndani ya bara. Hakumpata. Alirudi Ulaya na ngozi za ndege, akafa mwaka wa 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, aliandika habari za kasuku wawili wa nchi hii. Mmoja, mwenye uso wa rangi ya chungwa lililoiva, alimpa jina la Fischer, heshima ambayo marehemu hakupata kuijua. Wa pili ana kichwa cheusi na kifua cha njano. Wapagazi hawakutajwa, ingawa bila mabega yao Berlin isingalikuwa na kitu cha kupa jina.

Baadaye jina likawa bidhaa. Kufikia miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa kasuku wa mwituni waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Mkulima, aliyemjua kwa hasara ya mtama, hakuwa na sababu ya kumlilia. Marekani ilizuia biashara hiyo kwa sheria ya mwaka wa 1992, Umoja wa Ulaya ukaifunga kabisa mwaka wa 2007, na Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai mwaka wa 2016.

Waliotoroka vizimbani walizaliana. Huko Naivasha, Kenya, aina hizi mbili, ambazo kwao hukaa mbalimbali, zimechanganyika. Mkoa wa Singida uko karibu na mpaka wao wa asili: wa Fischer upande wa Nzega na Ziwa Viktoria, mwenye kichwa cheusi upande wa Dodoma na Iringa. Mpaka huo hauonekani kwa mtu aliye ndani ya gari. Huonwa na mtu asimamaye chini ya mti wa jirani, akaandika tarehe, mahali, idadi na rangi ya kichwa. Na kwa taarifa za namna hiyo, tangu miaka ya 1980, Neil na Liz Baker wamekuwa wakikusanya Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Aendaye kutazama hana budi kuanza na mti mzee uliooza ndani, ule ambao mwenye nyumba hutamani kuukata: katika tundu lake ndimo cherero hutaga.