Arosto: ugonjwa wa kukatikiwa na dawa

Heroini, mofini, kodeini na tramadoli zote ni za jamii ya afyuni. Mwili uliozizoea ukizikosa ghafla huugua. Tabibu wa Likasi, Kongo, aliyesomea Kifaransa huita hali hiyo sevraji, neno ambalo kwa asili ni kumwachisha mtoto ziwa. Vijitabu vingine vya Kiswahili huandika "dalili za kujiondoa". Sikubaliani navyo. Kujiondoa ni tendo la hiari, na anayeugua hapa mara nyingi hakuchagua lolote: pesa zimekwisha, au amekamatwa.

Watumiaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Malindi wana neno lao, arosto. Husema arosto imenishika, kama vile homa inavyomshika mtu. Siku hizi wapo wanaosema wana arosto ya chai au ya mpira, lakini kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, neno halijapungua uzito.

Heroini ikikosekana, arosto huanza kati ya saa 8 na 12 baada ya dozi ya mwisho. Kwanza miayo isiyoisha, kamasi na machozi. Kisha vinyweleo vinasimama, jasho linatoka huku mtu anatetemeka kwa baridi, tumbo linasokota, anaharisha, mifupa inauma, na usiku miguu inajirusha yenyewe. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Ubongo ulikuwa umezidisha kemikali za kuamsha mwili ili kushindana na dawa. Dawa ikitoka, kemikali hizo hubaki bila breki. Fundi anayeamka hivi hashiki nyundo mpaka apate kete ya heroini. Hatafuti raha tena, anatafuta kusimama.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuzuia arosto, mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku, na kwa kuwa inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, arosto haimrudii.

Buluo, karibu na Likasi, pana gereza la ulinzi mkali, na kwa mtumiaji mlango wa gereza lolote mara nyingi ni kukatikiwa kwa lazima. Kuharisha na kutapika bila maji kunaweza kumuua. Akitoka baada ya wiki chache, mwili umeshasahau kiwango chake cha zamani, na dozi ileile aliyoizoea inaweza kumzimisha pumzi.

Wauguzi wa magereza, andikeni arosto kwenye fomu zenu kama ugonjwa, na siku ya kwanza kabisa mwulizeni mahabusu: ulitumia nini mara ya mwisho, na lini?