Kurekebisha sauti ya spika za kompyuta kwa ekolaiza

Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale, iwe Nyabiondo, Pinga ao Itebero, kuna mahali ambapo mafundisho yaliyorekodiwa yanasikilizwa kwa kompyuta ndogo na spika mbili, kwa nguvu ya betri ya jua. Lalamiko tunalopokea ni lile lile: sauti inasikika, maneno hayasikike. Mtu anaongeza volumu, na bado mama walioketi nyuma wanaulizana mchungaji amesema nini. Kama ni tangazo juu ya kolera na maji ya kunywa, hilo si jambo dogo.

Mara nyingi spika mpya haihitajiki. Ekolaiza ni sehemu ya programu inayogawa sauti kwa vipande, kuanzia besi ya chini mpaka sauti nyembamba ya juu, na kila kipande kinapunguzwa ao kuongezwa peke yake. Programu ya bure VLC inayo: kwa Windows, bonyeza Ctrl na E pamoja. Kompyuta ikiwa ya Kifaransa, imeandikwa « Égaliseur ». Hiyo inarekebisha tu kile VLC inachocheza. Kwa kompyuta nzima kuna Equalizer APO, nayo ni ya bure.

Vipande vinapimwa kwa Hz. Sauti ya msingi ya mwanaume anayesema iko karibu 85 mpaka 180 Hz, ya mwanamke juu kidogo. Lakini kinachotenganisha « kupata » na « kukata » ni herufi moja tu, na herufi kama p, k, t zinatambulikana hasa kati ya 2,000 na 4,000 Hz. S inapanda zaidi. Besi ikijaa, inazifunika.

Basi, cheza sauti ya mtu anayesoma, si wimbo. Shusha kwanza 60 Hz, kwa sababu spika ndogo haiwezi kuitoa vizuri, inatetemeka tu. Sauti ikiwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, shusha kidogo karibu na 310 Hz. Kisha pandisha 3 kHz kwa desibeli 2 ao 3, uende kuketi nyuma kabisa usikilize. Kama s inakata masikio, shusha 6 kHz.

Tunasisitiza kushusha kuliko kupandisha. Kila desibeli 3 unazoongeza zinaomba nguvu mara mbili, na desibeli 10 mara kumi. Betri inaisha mbele ya ibada, na sauti inaanza kupasuka. Ukipandisha kipande kimoja, punguza kitufe cha jumla kilicho kando.

Vijana wa kwaya watataka besi irudi, na kwa nyimbo wana haki. Andika namba za mahubiri na namba za nyimbo kwa karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha kompyuta.

Mvua ikipiga mabati, hakuna ekolaiza itakayosaidia, ngojeni ipungue. Mwangwi pia hauondoki kwa kompyuta. Inua spika zifike kimo cha vichwa vya watu walioketi, na uzielekeze kwao, si kwa ukuta.